Walinzi wa Mabati

Benchi la fundi viatu hutosha watu wanne wakibanana, lakini wiki ya tatu sasa lilikuwa halibani mtu. Mabati, fundi wa kuezeka mapaa, alikuwa ameachiwa ncha ya mwisho, kule kivuli cha kibanda kinakoishia, na kati yake na wenzake angeweza kulala mbuzi. Aliinua kola akaifunika shingo yenye mabaka mekundu, akanywa kahawa. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo, na alitaka wajue jambo moja tu: haambukizi.

— Daktari kasemaje? aliuliza Profesa, fundi viatu mwenyewe, macho kwenye soli.

— Kasema mwilini mna walinzi wa kupigana na magonjwa. Wangu, jua likinipiga, wanaiona ngozi yangu ndiyo adui, wanaivamia. Na ugonjwa wenyewe hauambukizi.

— Walinzi walevi hao, alisema Diwani, kinyozi wa jirani. Fukuza.

— Hawafukuziki. Nimeambiwa nikwepe jua.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Profesa akatoa hukumu. Choma hayo mashati.

— Shati ndilo linalonikinga, kaka.

— Kwa hiyo wahenga walikosea?

— Mimi nasema ni mabati, alisema Diwani. Kayapigilia misumari miaka ishirini. Unadhani yamesahau?

— Basi dawa ya moto ni moto, alisema Profesa. Apande paani saa sita, kifua wazi, hao walinzi wazoee.

— Halafu mtu ana walinzi mwili mzima, anatuambia yeye maskini.

Mabati alicheka nao. Asingecheka angelia, maana kazi nyingine hajui, na marafiki wengine hana.

Mama mmoja aliyekuwa amesimama akisubiri kiatu chake kishonwe ukanda alikohoa.

— Samahani, kaka zangu. Kinachomuumiza ni jua?

— Ndilo, mama, alijibu Profesa. Tumelichambua.

— Sasa mbona yeye peke yake ndiye mmemkalisha juani?

Profesa aligeuza soli upande wa pili. Diwani alichungulia kikombe chake, kumbe kilishakauka.

Mabati akainuka na kahawa yake, akaja kuketi kivulini, paja kwa paja na Profesa. Profesa na Diwani walitamani kusogea. Lakini nafasi iliyobaki ilikuwa ile ya juani.