Mama Vyura na Benchi la Jumamosi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kwenye meza ileile ya karibu na dirisha, mchoraji mkuu wa vitabu vyetu vya watoto anastaafu. Wengi humu ndani hawajui jina lake la kwenye faili la ajira. Kwao ni Mama Vyura, na hata mlinzi wa getini akipata mgeni wake humwelekeza apande ghorofa ya pili kwa Mama Vyura.

Mimi ni mhariri wake kwa miaka kumi na tisa, na nimeombwa niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi, ila niseme mapema kwamba nina uzito moyoni, na anayetaka kucheka acheke kwenye hizi aya za mwanzo.

Aliajiriwa kuchora mizizi na majani kwenye vitabu vya sayansi. Mwaka wake wa pili akapewa kazi ya kuchora hatua za maisha ya chura: yai, kiluwiluwi, chura mzima. Yule chura mzima alimchora kashika kiuno, kanuna, kama mtu aliyeuziwa viatu visivyomtosha. Mhariri wa sayansi alikuja juu. Mkurugenzi wa wakati ule alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaamuru chura huyo apewe kitabu chake mwenyewe.

Basi hatukupumua tena. Akaja chura aliyekwenda kushonesha shati la kola, fundi cherehani akashinda na futi mkononi akitafuta shingo. Akaja chura aliyemeza filimbi ya refa, ikawa kila akipumua mpira unasimama. Akaja chura aliyegoma kuoga kwa madai kwamba jana alishaoga, na bwana huyo makazi yake ni bwawani! Vitabu ishirini na saba kwa jumla. Kuna watu walisomewa vitabu hivyo wakiwa wadogo, leo wanawasomea watoto wao, na bado wao ndio wanaoangua kicheko kwanza.

Kwenye kazi lakini hakuwa na mchezo. Chura ana vidole vinne mbele na vitano nyuma, na ole wako umletee mchoro wenye hesabu nyingine. Kwa muda alifuga chura hai kwenye beseni chini ya meza ili amwone anavyokunja magoti. Siku ya kikao cha bodi kiumbe kile kikatoroka, kikatua juu ya ajenda. Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye kilo zake, akapanda juu ya kiti. Mama Vyura aliingia bila hodi, akamwomba mhasibu atulie hivyohivyo, akaanza kumchora. Mhasibu yumo kwenye kitabu cha kumi na moja, ni yule kiboko aliyesimama juu ya stuli.

Sasa nifike kwenye benchi, maana ndipo nilipoharibu.

Kila kitabu chake, kabla ya kwenda mashineni, kilipita kwanza kwenye benchi. Jumamosi asubuhi watoto sita au saba wa wafanyakazi walikaa kwenye benchi refu ndani ya stoo ya karatasi. Mimi nasoma na kuonyesha picha, yeye kasimama nyuma yao kaelekea ukutani, anasikiliza tu. Ukurasa usiochekesha aliuchana palepale, hata kama ulimla wiki tatu. Sheria ya benchi aliiweka mwenyewe: wakubwa wasicheke mpaka watoto wacheke. Fundi mitambo alishawahi kutolewa nje kwa kuivunja, akangoja koridoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

Mwaka juzi alileta kitabu cha ishirini na saba, cha chura mwenye kwikwi, ambaye kila kwikwi ikimpata anaruka na kutua asipotakiwa. Kurasa nane za mwanzo watoto walikuwa hoi. Kuanzia ya tisa picha zilianza kupotea njia. Chura alitakiwa kutua ndani ya sufuria, katua pembeni, hewani. Ukurasa wa kumi na mbili macho yake yalikuwa nje ya kichwa. Watoto wakanyamaza. Binti mdogo wa mpishi wa kantini akauliza kama chura amekufa.

Nilimtazama yule dada yangu wa kazini, katugeuzia mgongo, mabega yamepanda, anangoja. Nikashindwa. Nikacheka mimi, kwa sauti kubwa, nikawakonyeza wenzangu, nao wakacheka. Watoto walipoona wakubwa wanacheka, wakafuata. Mabega yake yakashuka. Aligeuka anatabasamu, sheria yake hakuikumbusha, akakusanya kurasa zake zote bila kuchana hata moja.

Siwezi kusema sikujua. Miezi mingi nilikuwa namwona akigonga bega kwenye fremu ya mlango anaopita kila siku, na akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Nikajitia hamnazo. Fundi mitambo alipopanda na karatasi za majaribio kuuliza kuhusu yale macho, nilimjibu kwamba huo ndio mtindo mpya. Kitabu kikachapwa. Walimu wa chekechea walipoanza kuandika barua za malalamiko, nilizifungia kwenye droo yangu. Siku mjukuu wake alipokifunga kitabu katikati na kuomba kingine cha zamani, Mama Vyura alinipigia simu kuniuliza kulikoni. Nikamwambia watoto wa siku hizi wamezoea kutazama simu tu.

Ukapita mwaka mzima na zaidi. Mwezi wa pili mwaka huu alianguka kwenye ngazi zetu, bintiye akampeleka kwa daktari. Ni presha ya macho. Daktari alisema ugonjwa huo unaingia kimyakimya kutokea pembeni, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Alisema pia kwamba angefika mwaka mmoja nyuma, dawa ya matone ingemlindia alichokuwa nacho wakati ule. Sasa jicho la kulia limezima, na la kushoto linaona kipande kidogo cha katikati. Ndiyo maana anastaafu miaka miwili kabla ya wakati wake. Tangazo lililobandikwa ubaoni, la kwamba ni kwa hiari yake, si kweli.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikamweleza yote, benchi, mtindo mpya, barua na simu. Sikuweza kumaliza bila kulia. Akaniambia, "Mdogo wangu, ulinionea huruma ya kucheka. Ya kuniambia ikakushinda?" Kunisamehe hajasema atanisamehe, nami sikumwomba, maana ningekuwa namtwisha na hilo. Alichotaka ni kwamba wasifu wake huu uandikwe kama mambo yalivyokuwa. Mkurugenzi ameusoma, akapumua, akasema haya, iwe hivyo. Nitausoma mimi mwenyewe mbele yake, kwa sababu macho yake hayawezi tena kuusoma.

Kwa niaba ya wote, asante kwa vitabu ishirini na saba na kwa Jumamosi zote zile. Dada, nenda salama. Tunakutakia siku njema, afya, wajukuu wa kukuzunguka, na karibu nawe watu wenye upendo kuliko mimi, watakaokuona unapepesuka wakakwambia siku hiyohiyo.