Paa la Mjane wa Ng'ambo

Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu nalo lingeshuhudia. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1954, hapa Mbeya, kwenye benchi la Yunusu muuza kahawa. Mawingu yalishaukalia mlima. Ng'ambo ya njia, hatua ishirini tu, ndipo kwa mjane Atuganile, ambaye masika yaliyopita alilala chini ya meza kwa ubovu wa paa. Asubuhi hiyo wanafunzi wa shule ya misheni walifika na miganda ya nyasi kichwani, wakaanza kuezeka. Nasi tukaanza kazi yetu: kuwatazama.

— Wamelipwa hao, akasema Matano, tuliyemwita Wakili kwa kuwa alishashindwa kesi mbili.

— Na nani? Mjane hana hata kuku! akadakia Anania, Bwana Viazi, mkulima wa mlimani. Kwetu huwaiti watu kuezeka bila kupika pombe. Yeye hakupika, ndiyo maana hatukwenda. Tumeshika mila.

— Mwalimu wao anasema huruma haisomwi ubaoni, akasema Yunusu. Kila Jumamosi wanakwenda kwa mwenye shida.

— Huruma! akacheka Wakili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamekuja na ngazi siku ya kwanza. Hapo pana hila.

Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu baada ya elimu kunitosha, nikawafungua macho:

— Chini ya nyumba ile pana dhahabu. Imetambaa chini kwa chini kutoka machimbo ya Lupa.

— Mbona wamepanda juu? akauliza Yunusu.

— Wanawazuga watu kama wewe.

Mara ikatujia harufu ya maharage. Bwana Viazi akasimama.

— Kapika! Sasa kazi ina mila!

Tukavuka watatu, tukanawa, tukaketi. Kumbe maharage ni ya wanafunzi, wameyabeba kutoka shuleni. Binti mmoja, Tusajigwe, akatupakulia akiwa amepiga magoti.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Mwalimu anataka tumwombee mama kwa jina lake. Mwenyewe mama ameteremka mtoni. Ninyi majirani, anaitwa nani?

Wakili akamtazama Bwana Viazi. Bwana Viazi akayatazama maharage.

— Sisi huwa tunasema... yule mama, nikajibu.

Binti akarudi kushika ngazi.

Mvua ilinyesha kesho yake. Kwa mjane halikuwekwa hata bakuli moja la kukinga maji.

Yote haya ni kweli tupu, isipokuwa moja. Jina hilo la Atuganile nimelitunga mimi. La kwake silijui mpaka leo, na sasa nitaanzaje kuuliza? Kila asubuhi hunisalimu, "Umeamkaje, Baba Kudra?" Nami hujibu, "Salama, mama," huku natazama pembeni.