Kibuyu cha Naisenya

Juu ya lori la mahindi lililotoka Karatu, Antonia alijifanya anasinzia, kumbe anawasikiliza wazee wawili. Parsimei, mfugaji, alikumbatia kibuyu cha maziwa, anampelekea mkewe Naisenya aliyelazwa. “Wanamchoma dawa ya kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi,” alisema. “Imetoka kwenye tezi ya ndama. Sasa hiyo si nyama? Sisi nyama na maziwa hatuchanganyi siku moja.”

“Lakini haipiti mdomoni, mzee,” akasema Hhando, mkulima.

“Mwilini inaingia, haiingii?”

Hhando akakuna kichwa. “Basi mpe maziwa kesho.”

“Kesho anachomwa tena.”

Antonia, ambaye hakuulizwa, tangu Karatu alikuwa na jibu hilohilo la kungoja kesho; sasa akafumbua macho. Lori likasimama hospitali. Naisenya alikuwa mlangoni, amekonda, hamtazami mumewe. Anakitazama kibuyu.