Phanuel Wesonga na Gitaa Ambalo Halitazikwa

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu mliotoka Nagongera, majirani wa Dabani, na ninyi mliovuka mpaka leo asubuhi kutoka upande wa Kenya, poleni na msiba. Mimi ni Loice, mwalimu wa shule ya msingi, dada yake marehemu aliyemfuata kuzaliwa, na familia imenituma nisome historia yake. Karatasi hii ilipelekwa jana kwa wazee ikaguliwe, ikarudi na mistari kumi na miwili imekatwa kwa kalamu nyekundu, yote ile inayotaja gitaa. Miaka kumi na minane nasahihisha madaftari ya watoto, kalamu nyekundu hainitishi, nitasoma yote.

Phanuel Wesonga alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 hapa hapa Dabani, mtoto wa kwanza wa mzee Maloba na mama Nasirumbi, ambao wote wametangulia. Baba yetu alikuwa mpiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi, na kama mjuavyo mwanamke wa kwetu hakuruhusiwa kukigusa, lakini baba, Mungu amrehemu, sikio lake lilikuwa zito, kwa hiyo mama alisimama mlangoni akaimba sauti moja moja, baba akakaza nyuzi mpaka zikamfuata mama, kisha akaenda zake kwenye sherehe akarudi na sifa zote peke yake. Phanuel aliyaona hayo akiwa mdogo, nami niliyaona, na hatukuyasahau.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1928 hadi 1932, akamaliza darasa la nne, kisha baba akafariki, naye akaenda Tororo kujifunza useremala. Mwaka 1941 aliingia jeshini, akafika Burma, akarudi salama Februari 1946, na wakati wenzake walirudi na makoti mazito na saa za mkononi, yeye alishuka kwenye treni na gitaa alilonunua Nairobi, mama akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa hapa ndipo kalamu nyekundu ilipoanzia, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Gitaa lina nyuzi sita, na ukihesabu kutoka ule mnene, kutoka uzi mmoja hadi mwingine sauti hupanda hatua tano, tena tano, tena tano, halafu kutoka wa nne kwenda wa tano zinakuwa nne tu, kisha tano tena. Kaka yangu alikuwa seremala, mtu wa vipimo, akasema hapa mzungu amekosea, haiwezekani mlango uwe na mbao nne sawa na moja fupi. Akakaza uzi wa tano hatua moja zaidi, na ule wa sita naye akaupandisha ufuate, tano kila mahali, akajisifu kijiji kizima kwamba amewasahihisha wazungu, akapiga hivyo karibu miaka miwili akilalamika kwamba mkono unamuuma.

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1947 alifunga ndoa na Norah Acen wa Nagongera, mjane wetu huyu mnayemwona, na bwana harusi akataka kumpigia bibi harusi mwenyewe. Lahaula! Alipolaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, ule mnene na ule mwembamba wakagombana mbele ya wakwe, shangazi zake Norah wakaziba masikio, na mama yetu Nasirumbi akapasua umati, akasimama mbele yake, akaimba sauti ya uzi mnene, kisha akaimba ile ile juu kabisa kwa sauti ya kitoto, akamwambia wa kwanza na wa mwisho ni jina moja, kama bibi na mjukuu, awarudishe nyumbani.

Hapo Phanuel akahesabu upya, na akaelewa, na tangu siku hiyo kila aliyeleta gitaa kwake alifundishwa hata kama hakuuliza. Vidole vinavyokamata ni vinne, kwa hiyo ukiacha uzi wazi halafu ukatumia vinne, hatua ya tano inakungoja kwenye uzi unaofuata, na mkono haukimbii ovyo. Lakini ukienda tano kila mahali unafika ishirini na tano, unapita nyumba yako kwa hatua moja, na mkono mmoja hauwezi tena kuzikusanya zote. Uzi wa tano unarudi nyuma hatua moja, zinakuwa ishirini na nne, mizunguko miwili kamili ya kumi na mbili, maana kila baada ya hatua kumi na mbili sauti hurudia jina lake, na wa mwisho anafika mahali penye jina la wa kwanza. Hapana kosa pale, wazee wangu, mmoja amekubali kupungukiwa kidogo ili sita wakae pamoja.

Mwaka 1950 alifungua karakana Malaba, akatengeneza vitanda, viti, na magitaa, akachambua nyaya za breki ya baiskeli akazifanya nyuzi, na vijana wakamjia kutoka Tororo na Busia pande zote mbili. Yeye na Norah walijaliwa watoto wanne, na wa kwanza, Felistus, aliyezaliwa 9 Mei 1949, ndiye aliyepewa jina la bibi yake, Nasirumbi. Mwaka 1958 baraza la wazee likaamua kwamba gitaa ni la vilabuni, Phanuel akaondolewa kwenye meza ya Bwana, na kwa miaka tisa, jua na mvua, alikuja kila Jumapili akakaa kwenye benchi la nje chini ya dirisha. Hakukosa, ila alipolazwa. Walioandika majina ya waliokosa wanajua.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza Novemba 1965, akalazwa Tororo mara mbili, na mwaka jana vidole vya kushoto vikafa ganzi, akawa hawezi tena kukaza uzi, ndipo Felistus akaanza kukaa naye karakanani, yeye anaimba kwa sauti iliyobaki, msichana anakaza. Mwezi Juni mwaka huu baba yetu mdogo, mzee Hudson Oguttu, alikuja kitandani kwa niaba ya wazee, akamwahidi meza ya Bwana kama angetoa gitaa lichomwe. Kaka akamuuliza kama anajua kwa nini uzi wa tano umepungukiwa hatua moja, mzee akasema hajui na hataki kujua, naye akajibu kwamba hawezi kuacha kitu kwa amri ya mtu asiyekijua. Alifariki Jumanne tarehe 8 Agosti 1967, alfajiri, nyumbani kwake, bila meza na bila woga.

Baba mdogo, kaa tafadhali, sijamaliza. Naona kaburi limechimbwa pana kuliko jeneza, na sote tunajua kwa nini. Mmeamua gitaa liingie humo na mwenyewe, eti mambo yaishe, na wengine wenu mmesema hata likibaki halina mrithi, maana mkubwa wa Phanuel ni msichana. Basi niwaulize. Leo asubuhi kwaya imeimba vizuri, mmesifu wenyewe, je, sauti ya kuanzia waliipata wapi? Mwalimu wa kwaya yupo pale, ameinamisha kichwa, na akumbuke kwamba kila Ijumaa kwa miaka tisa alipita karakana ya Malaba kuchukua sauti, na leo aliichukua nyuma ya jiko, kutoka mkono wa Felistus, kwenye gitaa hilo hilo. Mmemwimbia Mungu kwa sauti ya benchi la nje. Mama yetu alisimama mlangoni maisha yake yote, mjukuu wake hatasimama mlangoni, haki ya Mungu, na anayetaka gitaa liingie shimoni atangulie yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tororo waliomhudumia usiku na mchana, majirani mlioleta kuni, maji na mtama, mafundi wenzake wa Malaba waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao, na wapigaji wote mliovuka mpaka kuja kumsindikiza. Mchungaji, tunakushukuru kwa kukubali kumzika, tunajua haikuwa rahisi.

Kaka, ulirudi nyuma hatua moja miaka tisa ili sisi tukae pamoja, imetosha, sasa ni zamu yetu kuelewa. Pumzika kwa amani, Phanuel.

Wimbo wa kushusha jeneza unafuata. Felistus Nasirumbi, mwanangu, njoo hapa mbele na gitaa la baba yako, utoe sauti.