Wino Kwenye Kidole Gumba

Sogeeni karibu wanangu, na mwenye simu aizime, maana haya nitayasema mara moja tu na pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Fungeni mlango. Yule dereva wa kampuni bado amekaa kibarazani? Tangu juzi anasema anasubiri, na hakuna aliyeniambia anasubiri nini.

Tazameni kidole changu gumba. Tangu kiharusi kininyime kalamu, kidole hiki ndiyo sahihi yangu, na leo mchana nimekiona kina wino. Mimi sikuomba wino. Walioingia humu ni ninyi wanangu watatu tu: muuguzi, wakili na fundi wa kuchomelea. Basi mmoja wenu amenishika kidole nikiwa nimefumba macho, na karatasi aliyoigandamiza ndiyo anayoisubiri dereva.

Kazi yangu mnaijua. Miaka thelathini na moja ofisi ya madini, mpaka wakanibandika jina la Mama Kigingi, kwa kuwa sikutoa leseni hata moja kabla ofisa hajasimama penye kila kigingi cha mpaka akakigusa na kukiona kwa macho yake. Walinicheka sana. Hawakujua kwamba kabla ya hapo kuna kilima kimoja nilikipitisha nikiwa nimekaa kitini, kwa ramani nzuri ya rangi, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na bosi alikuwa na haraka zake. Kigingi cha tatu kilipigwa ng'ambo ya kisima cha watu, kisima kikabaki ndani ya mpaka, na walipokwenda kuchota wakakuta uzio na mbwa. Mzee wao mmoja alikuja ofisini, akaweka ndoo tupu juu ya meza yangu, akaondoka. Aibu ile sijaitua mpaka leo. Fundi, hiyo ni kazi yako: nenda kule, watafute wajukuu zake, uwaambie mama yako ndiye aliyetia sahihi.

Sasa hawa wa kampuni wanataka kuchimba jiwe kubwa linalozunguka jua, lenye madini ambayo huku chini yanakaribia kwisha. Mimi najiuliza, watu wenye roketi wamefuata nini kwetu sisi, ambao hata lifti ya wizara inakwama? Wanatafuta nchi ya kuwapa kibali bila maswali. Mataifa yalishakubaliana kwamba huko juu hakuna nchi ya kujimilikisha kitu, nao wanasema sawa, jiwe hatulimiliki, tunachukua tu kilichomo. Ni kama mtu aniambie nyumba ni yako mama, mimi nabeba milango, madirisha na bati. Na hizo kanuni walizotuandikia wao wenyewe zinasema mkaguzi wa machimbo atakuwa nani? Kampuni. Wajumbe wanne wa kamati ya vibali, ambayo nami nimo, wameshatia sahihi, na bila ya kwangu, ya tano, kibali hakitoki.

Wakili, wewe unakula kwao, na ulikaa hapo kitandani ukaniambia, "Mama, huko juu hakuna kisima cha mtu." Nikakuuliza, "Umekwenda ukaangalia?" Ukacheka. Watakaokihitaji hawajazaliwa, mwanangu, na hao ndio rahisi kuwaibia, maana hawawezi kuja ofisini na ndoo.

Nipeni maji... Inatosha.

Nyumba hii ni yenu wote watatu, isiuzwe, na asiye na pa kulala ndiye awe na ufunguo.

Msimkodolee macho wakili. Hata mimi nilimshuku, Mungu anisamehe. Nilimshuku hata aliponiletea matunda, nikayanusa kwanza. Mdomo anao, lakini hakunigusa. Nilisema nilikuwa nimefumba macho, sikusema nililala. Mkono ulionishika kidole ulinipima kwanza mapigo ya moyo, kwa vidole viwili, ukahesabu taratibu, ndipo ukaleta wino. 

Usilie, binti yangu. Najua walichokuahidi: ndege, hospitali ya nje, madaktari wakubwa. Ulitaka mama yako aishi. Na mimi nataka, usidhani nimeichoka dunia... naogopa, tena naogopa sana. Lakini siwezi kununua miezi yangu kwa kisima cha watu mara ya pili. Karatasi imo mfukoni mwa sare yako. Itoe. Usimpe kaka yako wakili, wala usinisomee. Ichane hapa, nione.

Vidogo zaidi... Hivyo hivyo.

Kesho mwambieni katibu wa kamati kwamba nilikataa nikiwa na akili zangu timamu. Msisemezane vibaya kwa ajili yangu. Mungu awalinde... awape riziki isiyomliza mtu mwingine... nanyi muwe radhi nami, kama mimi nilivyo radhi nanyi, wote watatu.

Muuguzi wangu, sogea. Nishike tena mkono, pale pale... Sasa hesabu.