Fundi Adinani na Picha Elfu Mbili za Mkekani

Jumatatu tarehe 30 Juni, Fundi Adinani Uwesu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa mazao hapa Tabora. Aliingia akiwa fundi umeme, anatoka akiwa mtunza stoo. Inakuwaje mtu apande miaka yote hiyo halafu mwishoni ateremshwe? Hilo ndilo nitakalolieleza, maana kwenye faili lake kuna barua ya onyo yenye neno "uzembe", na isipotolewa kabla ya Jumatatu ataondoka nayo moja kwa moja.

Niliombwa niandike ukurasa mmoja mchangamfu wa jarida letu. Nitajitahidi, ila msinilaumu nikishindwa.

Fundi ni mtoto wa mjini. Baba yake alitengeneza redio karibu na soko kuu, na yeye alijua kushika koleo kabla hajajua kushika kalamu. Kazi yake ya kwanza hapa, mwaka 1994, ilikuwa jokofu la mbegu ambalo mafundi watatu walishalitangaza marehemu. Alilifungua, akamtoa mjusi aliyekaukia kwenye nyaya, na jokofu likanguruma. Kwenye ripoti alimwandika mjusi kuwa ni mtumishi asiye na mkataba. Nakala ya ripoti hiyo ipo, tuliitafuta tukacheka upya.

Kompyuta zilipokuja alijifunza mwenyewe, kwa kuzifungua. Mwaka 2017 duka moja la michezo ya video mjini lilifungwa, akanunua kadi nane za michoro zilizokuwa zikichora magari ya mbio na wachezaji wa mpira. Zilikuwa zimejaa vumbi, akazipuliza kwa pampu ya baiskeli. Akaziunganisha kwenye chumba cha zamani cha kuhifadhia karanga, kwa sababu kuta zake nene zinastahimili joto la Oktoba. Tulimcheka. Mhasibu alisema Fundi anajenga banda la kuchezea gemu kabla ya kustaafu.

Alitueleza kwa subira, na mimi sijawahi kusikia maelezo bora. Babu yake mzaa mama alikuwa mtu wa Kwihara, wa ukoo wa wapagazi waliobeba mizigo mpaka pwani. Kichakataji cha kawaida cha kompyuta, alisema, ni hodari mmoja mwenye akili nyingi na mabega mawili tu. Kadi ya michoro ni msafara: wapagazi maelfu, kila mmoja na furushi lake dogo, wote wanatembea kwa wakati mmoja. Picha ya jani moja ina vinukta mamilioni. Ukimpa hodari avipitie kimoja kimoja, utazeeka umesimama mlangoni. Wape msafara, wanafika pamoja. Kadi zote alizipa majina ya vituo vya njia ile ya zamani na ya reli. Ya kwanza iliitwa Kwihara. Ya nne iliitwa Kigwa, nayo ilikuwa jeuri, inachemka kila saa nane mchana mpaka aielekezee feni yake peke yake.

Umeme ulipokatika hatukupoteza kazi. Kila saa mashine ilihifadhi ilipofikia, na Fundi aliita hiyo kupiga kambi. Umeme ukirudi, msafara unaamkia kambi ya mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa kuifundisha mashine kutambua magonjwa ya muhogo kwa kutazama picha za majani, ili mkulima apige picha kwa simu aambiwe shamba lake ni zima au linaumwa. Akili mnemba, kama wasemavyo mjini siku hizi. Mashine hiyo haijui chochote mpaka uionyeshe: hili zima, hili gonjwa, mara maelfu. Picha zilitoka kwa wakulima wa Ulyankulu. Aliyetumwa kuzipiga alikuwa afisa ugani mmoja wa hapa kituoni. Jina lake litakuja.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Ukifika Ulyankulu kwa Leonadi Nibitanga na mkewe Ishimwe, hukaribishwi kienyeji. Mama Ishimwe alitandika mkeka mpya, akayapanga juu yake majani mazuri ya muhogo, yamefutwa vumbi kwa kanga. Kwake, mgeni haonyeshwi kitu kizuri kikiwa mavumbini. Yale yenye ugonjwa aliyaacha chini kwenye udongo, kwa sababu uchafu haupandishwi kwenye mkeka wanaokalia watu. Majirani nao wakafanya vivyo hivyo, nyumba kwa nyumba. Picha elfu mbili: yenye afya mkekani, yenye ugonjwa udongoni. Zilikuwa picha nzuri, jamani, afisa ugani yule alifurahi nazo sana.

Fundi hakuwa mjinga. Kwenye fomu aliweka safu inayouliza jani limepigwa picha likiwa juu ya nini. Afisa ugani alijaza neno moja kuanzia juu hadi chini: "mchanganyiko". Hakutazama hata. Alikuwa anawahi basi.

Kwa hiyo msafara ulibeba kile ulichopewa. Mashine ilijifunza mkeka, haikujifunza muhogo. Fundi aligundua siku mbili kabla ya maonyesho ya wakulima, pale alipoweka kandambili yake juu ya mkeka wa kuswalia, akaipiga picha kwa mzaha, na simu ikamjibu kuwa kandambili ni muhogo wenye afya kwa asilimia tisini na nane. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Alikwenda kwa mkuu wa kituo wa wakati ule akiwa na simu mkononi na kandambili kwapani, akaomba wasitishe kuwagawia wakulima simu zenye mashine ile. Akajibiwa kwamba wageni wameshaalikwa na fulana zimeshachapwa.

Simu zikagawiwa. Leonadi alipiga picha muhogo wake pale pale shambani, majani yakiwa karibu na udongo mwekundu. Akaambiwa shamba linaumwa lote. Ni mtu mtiifu, aling'oa ekari moja na nusu ya muhogo mzima na kuuchoma. Mwaka ule familia yake ilikula kwa kuombaomba kwa majirani. Fundi alikwenda Ulyankulu kwa nauli yake, na furushi la pingili za kupandia begani, akakaa siku nne akipanda pamoja nao. Hakutumwa na mtu.

Kamati ikakaa. Waliuliza nani alihakiki picha. Fundi alisema mashine ni yake na dhamana ni yake. Afisa ugani alikuwepo mezani, kiti cha tatu kutoka dirishani, anatazama vidole vyake. Fundi alikuwa na fomu zile kwenye bahasha, zenye sahihi chini ya kila ukurasa. Hakuifungua bahasha.

Basi akapewa barua ya uzembe na funguo za stoo, na kwa miaka minne amekuwa akitugawia karatasi na wino. Shukrani ya punda ni mateke, na sisi tulimpiga ya kutosha. Mkuu yule amepandishwa cheo. Mara tatu Fundi aliomba aifundishe mashine upya, majani yote yapigwe picha udongoni na mkekani pia. Mara tatu hakujibiwa. Kadi zimetawanywa. Kigwa, ile jeuri, ipo kwenye kompyuta ya mapokezi na kazi yake ni kuonyesha saa.

Mficha uchi hazai. Afisa ugani yule ni mimi, Theodora Jilala. Jarida hili nalihariri mimi, kwa hiyo hakuna atakayeukata ukurasa huu. Leo asubuhi nimepeleka kwa mkuu wa sasa maelezo yangu ya maandishi na nakala za fomu, nikiomba barua ile itolewe kwenye faili la Fundi na iandikwe nyingine kwa jina langu. Nimeomba pia zile kadi nane zirudishwe chumba cha karanga. Kuhusu hilo sina matumaini makubwa.

Fundi Adinani, ahsante kwa jokofu, kwa mjusi, kwa msafara, na kwa bahasha ambayo hukuifungua. Mke wako Bi Shamimu akufaidi sasa, redio za mtaa mzima zikungoje, na Mungu akupe umri mrefu wenye usingizi mzuri. Leonadi na mama Ishimwe wameahidi kuja kwenye hafla ya kukuaga Ijumaa hii, na wanakuja na mkeka.

Miaka minne nimekuamkia kila asubuhi mlangoni pa stoo, na kila asubuhi umeniitikia "marahaba, mwanangu" na kunipa karatasi zangu. Hakuna adhabu iliyoniuma kuliko hiyo. Ijumaa nitakuamkia mbele ya watu wote, wakiwa wameshasoma haya. Ukinyamaza, Fundi, nitaelewa.

Shikamoo.