Mwavuli wa Shangazi Icilda

Shangazi yangu, Icilda Ebanks, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa kijijini Flagaman, wilaya ya St Elizabeth, kwenye udongo huu mwekundu usiojua kutunza maji.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1966. Somo la usanisinuru, yaani jinsi jani linavyojipikia chakula kwa mwanga, lilimkaa kichwani kuliko Zaburi, na Zaburi alizijua.

Alilima nyanya na pilipili maisha yake yote. Matuta aliyatandazia nyasi kavu, kama sisi sote. Ila yeye miche yake aliitafutia na kivuli cha adhuhuri. Jirani yetu, Bwana Parchment, alimtania kila siku: "Icy, mbona unaifunika kama maharusi?"

"Jua likiwa kali na maji hakuna, jani linafunga vitundu vyake lisikauke. Likishafunga, halipiki. Mwanga nao hauachi kulipiga, mwisho linaungua."

"Kumbe linafunga duka saa sita, kama mimi!"

"Lenyewe lina sababu, mvivu wee!"

Mwaka 1974 aliolewa na Osbourne Ebanks. Mwaka 1981 mumewe alikwenda Kanada kuchuma matofaa, na ndiyo ikawa basi. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa mpweke, tusipambe maneno. Aliongea na miche kwa sababu miche ndiyo iliyokuwepo.

Mwaka jana presha ilimpanda, daktari akamkataza jua la mchana. Mwaka huu ukame ukaingia. Kila Jumapili, mlangoni pa kanisa, aliuliza: "Jamani, nani ataniazima mikono saa sita ya kuifunika miche, nisiipoteze?" Watu walicheka. "Saa sita hata mbuzi wamelala, Bi Icy!"

Jumanne, tarehe 9 Julai 2019, Bwana Parchment alimkuta ameanguka shambani, jua likiwa limeshapoa. Mwavuli wake mweusi wa kanisani ulikuwa umesimikwa wazi juu ya miche. Yeye alikuwa juani. Adhuhuri nzima hakupita mtu.

Ameacha mpwa mmoja, mimi Verona, na Bwana Parchment, ambaye leo hana utani. Ameacha pia tuta la miche ya pilipili, hai yote. Mwavuli hatutamzika nao, tumeuacha palepale.

Sasa ni saa sita kamili, na tumekuja wote.

Apumzike kivulini, kwa amani.